Mtani Aliyejibu Kwanza

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majitu wala ya sungura, ni zamani ambayo ukipita njia ya Kwedizinga mvua ikinyesha bado unaisikia harufu yake, palikuwa na shamba la mkonge. Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kumbembelezea mtoto aende kwa jirani. Yangu ya leo ina maiti ndani yake, tena maiti niliyemjua.

Shambani pale palikuwa na korona. Korona, kwa asiyeijua, ni ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka nyama yake yote inatoka, inabaki katani. Ina mngurumo wa kuziba masikio, na ina mdomo. Mbele ya mdomo anasimama mlishaji, anapanga majani kwenye mkanda. Pembeni anasimama mwenye swichi, kazi yake kuwasha na kuzima. Nyuma wako wanawake, wanapokea katani mbichi na kuipeleka kuianika juani.

Mlishaji alikuwa Mhina, Mzigua wa palepale. Mwenye swichi alikuwa Mihayo, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Na nyinyi mnajua Mzigua na Mnyamwezi wakikutana. Hao ni watani tangu mababu walipokuwa wakipita na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani hatukani, hata akitukana. Mtani haibi, hata akichukua. Na msibani, wenyewe wakiwa wamevimba macho, mtani ndiye anayevaa nguo ya marehemu, akaigiza kikohozi chake, akaingia kaburini akalala na kudai chake ndipo atoke, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi hayajakauka. Hiyo ni dawa. Wazee hawakuwa wajinga.

Sasa, asubuhi Mihayo akiwasha korona, mkanda ukianza kukimbia, Mhina hupaza sauti:

"Mnyamwezi, unaniua!"

Naye Mihayo hujibu:

"Kufa upesi, nikale pilau!"

Mchana wakirudi kutoka kula, mashine ikiwashwa tena: "Mnyamwezi, unaniua!" "Kufa upesi, nikale pilau!" Mkanda ukiongezwa kasi: "Mnyamwezi, unaniua!" "Kufa upesi, nikale pilau!" Wanawake wa nyuma walikuwa wakiitikia kama kiitikio cha ngoma. Siku Mihayo alipoumwa homa akakaa nyumbani, walimwambia Mhina korona imekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu.

Haya, mmecheka. Nimewaona. Wewe mwenye kofia ndiye umecheka kuliko wote. Chekeni, hakuna ubaya, kila mtu pale alicheka. Ila hicho kicheko kiwekeni mahali, nitakihitaji baadaye.

Korona ile ilikuwa na kinga, wavu wa chuma mbele ya mdomo, ili majani yapite na mikono isipite. Kinga ilikuwa njema kwa mikono na mbaya kwa tani. Majani yalikuwa yakikwama pale, mashine inazimwa, yanachomolewa, inawashwa tena. Na huko juu walikuwa wanataka tani zaidi, kama wanavyotaka siku zote. Basi mnyapara, Bwana Chambo, akaja na spana akaifungua ile kinga. Aliyemshikia bolti ni Mhina mwenyewe, maana naye alikuwa amechoshwa nayo. Wakaiegemeza nyuma ya ghala, kuku wakaanza kulala juu yake. Kila mtu aliiona pale. Hakuna aliyesema neno, na kazi ikaenda kasi, na Chambo akasifiwa.

Ikaja siku yenyewe. Siku ya kawaida tu, jua kali, majani mengi. Majani yakazongana mdomoni mwa korona. Mhina alitakiwa amwambie mwenzake azime. Hakumwambia. Chambo alikuwa amesimama karibu anaguna, na mwanamume akiguniwa hufanya mambo ya kijinga. Mhina akapeleka mkono. Katani ikamzonga kifundo cha mkono, ikamvuta.

"Mnyamwezi, unaniua!"

Mihayo alikuwa ameangalia pembeni, anafuta jasho. Alisikia. Akacheka. Akajibu:

"Kufa upesi, nikale pilau!"

Halafu akageuka. Halafu akazima.

Wanawake wa nyuma nao walikuwa wameshaitikia. Zaina, aliyekuwa wa mbele kuliko wote, ndiye aliyeona kilichotoka na katani. Walimpakia Mhina kwenye trekta, Zaina akiwa ameshika kichwa chake. Hakufika hospitali.

Ndugu zangu, msiba ule ulikuwa mzito. Mwajabu, mke wa Mhina, alikuwa hata halii. Alikaa ukumbini, kanga mabegani, anaangalia mlango kama mtu anayemsubiri mumewe atoke kazini. Wazee walimwogopa. Mtu anayelia unamwambia nyamaza. Huyu utamwambia nini?

Wakaenda kumtafuta Mihayo. Walimkuta nyuma ya nyumba, amejiinamia, hajala tangu jana yake.

"Mtani, kazi yako inakungoja," wakamwambia.

"Leo siwezi, wazee wangu."

"Usipoweza wewe, nani ataweza? Mwangalie yule mwanamke. Unataka tuzike wawili?"

Mihayo akainuka. Akavaa ovaroli ya marehemu, ile nyingine iliyokuwa kambani imefuliwa. Akaingia uani akitembea kama Mhina, kifua mbele, miguu nje. Akasimama mbele ya kinu cha kutwangia akakifanya ndiyo korona, akaanza kukilisha majani ya mgomba. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Akapaza sauti ya Mhina: "Mnyamwezi, unaniua!" Akaruka upande wa pili, akajibu kwa sauti yake: "Kufa upesi, nikale pilau!" Kisha akakaa chini mbele ya jeneza akalipigapiga kama bega la rafiki.

"Haya, nimemuua!" akasema kwa nguvu. "Nimemuua mimi! Mzigua huyu nani mwingine angemweza? Kazi nimemaliza. Pilau yangu iko wapi?"

Mwajabu akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kisha kikaja chote, mpaka kanga ikaanguka, mpaka akalia, na akilia akawa anaita jina la mumewe. Wazee wakashusha pumzi. Dawa imefanya kazi.

Lakini kwenye viti vya mbele alikuwa amekaa meneja mpya wa shamba, Bwana Rutabanzi, amekuja kutoa rambirambi. Mtu wa mbali, mtaratibu, shati jeupe limepigwa pasi. Kwao wanazika kwa kunyamaza. Akamgeukia dereva wake.

"Umesikia alichosema yule?"

"Ni utani, bosi. Ni mtani wake."

"Nimekuuliza umesikia alichosema."

"Nimesikia, bosi."

"Basi. Na mimi nimesikia."

Msimchukie upesi. Meneja yule alikuwa amepigiwa simu kutoka juu: mtu amekufa, nani kafanya uzembe? Naye hakutaka kumsingizia mtu. Alitaka ushahidi. Ukitafuta ushahidi na mtu mwenyewe akakaa mbele ya jeneza akapiga kelele kwamba kaua, utaacha huo ukatafute upi tena?

Mazishi yalipopita, Mihayo akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Akaambiwa ana haki ya kuja na mwenzake wa kumsemea. Akamwendea huyu, ana shamba la kupalilia. Akamwendea yule, mkewe anaumwa. Siku hiyo kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa na shughuli. Mihayo akaingia peke yake.

Kwenye kikao alikuwepo meneja, amekaa katikati. Alikuwepo Chambo mnyapara, amekaa kuliani kwake kama mjumbe. Zaina aliitwa awe shahidi. Mwajabu naye aliitwa, akawekwa kwenye benchi la ukutani.

"Mihayo," meneja akaanza, "msibani ulisema umemuua Mhina. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema. Lakini ilikuwa utani, bosi."

"Nitaandika utani. Lakini ulisema?"

"Nilisema."

"Siku ya ajali Mhina alipiga kelele. Ulisikia, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Alisema nini?"

"Alisema, Mnyamwezi, unaniua."

"Ukazima mashine?"

"Nilizima."

"Palepale?"

 Mihayo aliangalia mikono yake. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu duniani angeweza kumpinga, maana nani anapima muda wa namna hiyo? Lakini hakusema ndiyo.

"Nilimjibu kwanza," akasema.

"Ulimjibu nini?"

"Bosi, maneno yetu ya kila siku tu."

"Yaseme."

"Kufa upesi, nikale pilau."

Alivyomaliza kuyasema, kila mtu mle ndani aliusikia urefu wa yale maneno. Si marefu. Lakini korona haihitaji muda mrefu.

Meneja akamgeukia Zaina. "Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia marehemu akisema, Mnyamwezi, unaniua. Nikamsikia Mihayo akisema, kufa upesi, nikale pilau."

"Una hakika?"

"Naapa."

Kweli tupu, neno kwa neno. Hakuulizwa kama maneno hayo yalikuwa yakisemwa kila siku ya Mungu, wala kama yeye mwenyewe alikuwa akiyaitikia. Zaina alijibu alichoulizwa tu.

Mihayo akainua mkono. "Bosi, na kinga? Korona haikuwa na kinga. Ingekuwepo, mkono usingepita."

Meneja akamwangalia Chambo. Chambo hakupepesa.

"Kinga ipo, bosi. Twende tukaitazame hata sasa hivi."

Wakaenda wote, wakavuka uwanja mpaka kwenye korona. Kinga ipo. Imefungwa bolti zote, imepakwa grisi, imekaa mahali pake kama haijawahi kutoka. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimekwanguliwa vizuri. Chambo alikuwa ameifunga mwenyewe asubuhi ya mazishi, wakati watu wote wako msibani.

"Dada Zaina," Mihayo akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "siku ile kinga ilikuwepo?"

Zaina akamtazama Mihayo. Akamtazama Chambo. Akatazama chini.

"Sikuangalia," akasema. "Mimi kazi yangu ni katani."

Waliporudi ofisini, meneja akamgeukia Mwajabu, tena kwa heshima. "Mama, pole sana. Nataka unisaidie jambo moja tu. Huyu bwana anasema alikuwa anatania. Wewe ndiye mfiwa. Ulielewa ni utani, au ulielewa amekiri?"

Mwajabu akavuta kanga mabegani.

"Mimi nilicheka," akasema. "Sasa unataka niseme nilimchekea mtani, au nilimchekea aliyeniulia mume? Bwana meneja, swali hilo usiniulize. Mimi nina watoto watakaokuja kuniuliza hilohilo."

Meneja akahesabu hilo kuwa si ndiyo wala si hapana. Akatoa uamuzi. Alisikia na hakuzima palepale: uzembe. Alikiri mbele ya watu, akakiri tena mbele ya kikao. Kinga ilikuwepo, imeonekana kwa macho. Mihayo akafukuzwa kazi, na kwa kuwa nyumba ya kambini ni ya mwenye kazi, akaambiwa ahame. Kesho yake mkewe, Kabula, alibeba godoro kichwani mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiomba chumvi kwake. Milango ilikuwa wazi, hakuna aliyetoka.

Ikabandikwa amri ukutani pa korona: utani marufuku wakati wa kazi. Amri ya bure, jamani. Nani angetania? Kila mmoja alikuwa ameona maneno ya mtani yakiwekwa mezani yakapimwa kama nyama. Korona ikawa inanguruma peke yake, na wanawake wanabeba katani vichwa chini.

Basi ikakaribia arobaini ya Mhina. Na desturi yao ni kwamba arobaini haifungwi bila mtani. Mtani ndiye anayefagia majivu ya msibani, akasema neno lake la mwisho, akapewa sahani yake, ndipo mfiwa anavua kaniki, ile nguo nyeusi ya msiba, na watu wanatawanyika. Wazee wakawaendea Wanyamwezi wengine wa kambini. Wa kwanza akasema ana mgongo. Wa pili akasema yeye kwa kweli ni Msukuma. Wa tatu akacheka kidogo, halafu akaangalia nyuma kama kuna mtu aliyemsikia.

Mwajabu akajifunga kanga, akatoka mwenyewe.

Kwanza alikwenda kwa Chambo. "Kaka Chambo, mimi nataka nijue. Nani amemuua mume wangu?"

Chambo akamvutia kiti, hakukaa. "Dada Mwajabu, kinga nilitoa mimi, siwezi kukudanganya wewe. Lakini mumeo ndiye aliyenishikia bolti, na alifurahi. Mimi sikumtia mkono kwenye mashine. Nilitoa kwa kuwa waliniambia tani ziongezeke, nisipoziongeza wataweka mnyapara mwingine, naye angeitoa vilevile. Na kuirudisha niliirudisha ili isije kuua mwingine. Kurudisha kinga nako ni kosa?"

"Ungesema hivyo kwenye kikao."

"Hakuna aliyeniuliza kama iliwahi kutoka. Aliuliza kama ipo."

Mwajabu akaondoka. Akaenda kwa Zaina. "Mwenzangu, wewe ulimshika kichwa. Nani amemuua mume wangu?"

Zaina alilia kabla hajasema. "Niliapa, na sikusema uongo hata neno moja, Mungu shahidi. La kinga... La kinga nina watoto, na baba yao unajua ni jina tu. Ningesema ilitolewa, Chambo angebaki na mimi ningeondoka. Mihayo alikuwa ameshakiri, huyo alikuwa wa kuondoka tu. Tungefukuzwa wawili badala ya mmoja. Wewe ungefaidika nini? Na Mwajabu, nikwambie jambo lingine. Siku ile na mimi niliitikia. Mkono wake umeshaingia, na mimi nyuma huku naitikia, nikale pilau. Nasikia sauti yangu mpaka leo."

 Mwajabu alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akaenda ofisini.

"Bwana meneja, nani amemuua mume wangu?"

"Mama, nilifanya haki kadiri nilivyoweza," akasema Rutabanzi, na nadhani aliamini. "Nilimwita, nikamsikiliza, nikamuuliza, akajibu. Nilikwenda kuiona kinga kwa macho yangu. Sikumwonea. Ningehukumu kwa minong'ono ya kambini ningekuwa mwonevu. Nilihukumu kwa alichosema mwenyewe kwa kinywa chake."

"Ulikisikia msibani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa shahidi."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye uliyehukumu."

Meneja akalegeza tai yake. "Hapakuwa na mwingine," akasema.

Mwisho akashika njia ya barabara kuu, kwenye machimbo, ambako Mihayo na Kabula walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha ndugu yao, wanaponda kokoto. Mihayo alipomwona aliacha nyundo, akasimama. Hakujua amsalimie kwa utani au kwa heshima. Akamsalimia kwa heshima, na salamu ile ilimuuma Mwajabu kuliko matusi.

"Nani amemuua mume wangu?"

"Si nilishasema, shemeji?"

"Ulisema kwa utani au kwa kweli?"

Mihayo akakaa juu ya mawe yake. 

"Shemeji, nitakwambia na usimwambie mtu, hata Kabula hajui. Msibani nilianza kwa utani. Nilivaa ile ovaroli kwa ajili yako, ucheke, upone. Nikasema, nimemuua. Neno lilipotoka tu nikasikia kwamba si utani. Nilitaka kunyamaza. Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, na wewe umeshaanza kucheka, nikaona nikikatisha pale nitakuua na wewe. Nikamalizia kwa utani. Sasa mimi mwenyewe nikijiuliza nilitania wapi na nilikiri wapi, sipaoni pale mahali pa kukata. Yule meneja alinionea, shemeji. Alinionea kabisa. Lakini kama alikosea, hilo ndilo sijui."

Kabula alikuwa ndani ya kibanda, na kibanda kilikuwa cha makuti, kila neno lilipenya. Nyundo yake ilisimama.

"Arobaini ni Ijumaa," Mwajabu akasema. "Hakuna mtani aliyekubali. Njoo umalize ulichoanza."

Hakumwambia ana maana gani. Naye hakuuliza.

Ijumaa ikafika. Watu walijaa, kambi nzima, maana aibu nayo huleta watu. Chambo alikuwepo, amesimama karibu na njia ya kutokea. Zaina alikuwepo, anapakua chakula ili asiinue uso. Meneja alikuja vilevile, shati jeupe, akakaa mbele, maana alikuwa mtu wa taratibu na aliambiwa arobaini ni taratibu.

Mihayo akaingia. Alikuwa amekonda, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kwenye nywele. Akachukua ufagio akafagia majivu, polepole, mpaka ua ukawa safi. Akaweka ufagio. Watu wakasubiri neno la mtani.

Akaelekea upande wa kaburi, akapaza sauti ileile ya siku zote.

"Mzigua! Nimekuua!" Akavuta pumzi. "Pilau yangu iko wapi?"

Zaina akaleta sahani.  Akaiweka mbele yake. Pilau inafuka moshi. Mihayo akaiangalia, akaingiza mkono, akafinyanga tonge, na tonge likabaki mkononi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Watu wote wakamgeukia Mwajabu. Wazee walimgeukia, Chambo alimgeukia, meneja naye alimgeukia, maana kila mmoja alikuwa amejua kwamba hapa hakuna mwingine wa kusema. Akicheka, ulikuwa utani, na mtu amefukuzwa bure. Akilia, yalikuwa maungamo, na kikao kilisema kweli.

Mwajabu akajifunika kanga uso mzima, akainama. Mabega yakaanza kutikisika.

Na nyinyi mlio na mama zenu mnajua, mabega ya mwanamke aliyejifunika kanga hayakwambii kitu. Yanatikisika vilevile kwa kicheko na kwa kilio. Hakuna aliyethubutu kwenda kumfunua. Alipojifunua, uso ulikuwa umelowa, na hilo nalo si ushahidi. Akavua kaniki, watu wakatawanyika. Lile tonge sijui kama lililiwa.

Mihayo amekata rufaa, na rufaa ile haijasikilizwa mpaka leo. Kwa hiyo nawaletea nyinyi, mlio hapa. Nafasi ya mtu wa kufukuzwa ni moja, ndivyo walivyotaka huko juu, mtu mmoja. Yupo Chambo, aliyetoa kinga kwa amri na kuirudisha kwa siri. Yupo Zaina, aliyesema kweli yote aliyoulizwa na akaficha ile iliyoombwa. Yupo meneja, aliyekuwa sikio na akawa rungu. Yupo Mihayo, aliyejibu kwanza ndipo akazima. Na msimsahau marehemu, aliyeshika bolti, kisha akaita kuomba uzima kwa maneno aliyokuwa akiyachezea kila siku. Yeye ameshafukuzwa mahali pakubwa zaidi.

Naona wewe mwenye kofia umeshafungua kinywa. Kifunge kidogo. Nilikwambia kicheko chako ukiweke, kitoe sasa. Ulipocheka pale mwanzo, ungekuwa nyuma ya korona, ungekuwa umeitikia. Basi tulieni, mfikiri, msifanye kama Mihayo, aliyejibu kwanza.

Je, kati yao, na kati yenu, nani alistahili kufukuzwa?